Mtoto Hana Ada

"Mama Tausi!" aliita mfagizi kutoka upande wa jikoni.

"Abee!" waliitika wanawake wawili kwa mpigo.

Mmoja alikuwa nje ya pazia na mwingine ndani. Wa nje alikuwa Saumu, aliyembeba Tausi tumboni, akamzaa kwa taabu na kumpa jina la nyanya yake. Wa ndani alikuwa Mwanjaa, na Mwanjaa ndiye aliyekuwa amempakata huyo Tausi, ziwa kinywani, kidole cha mtoto kikichezea kishikizo cha gauni lake.

Mfagizi alitokeza mlangoni, akainamisha macho. "Namwita huyu wa ndani," alisema. "Supu yake imefika."

Saumu akatabasamu, tabasamu lile analolivaa mtu akikanyagwa mguu msibani. Alijua supu hiyo imetoka wapi. Ilikuwa supu ya kuku na pilipili manga, chakula cha mzazi, na aliyeipika ni Bi Kidawa, mama mkwe wake mwenyewe. Yeye Saumu alipojifungua aliletewa supu hiyo mpaka maziwa yake yalipokatika. Mwanjaa alikuwa analetewa mpaka leo, na mtoto ameshaota meno.

Pazia lenyewe lilikuwa ukuta mwangavu, laini, uliogawa chumba katikati. Lilikuwa na mikono miwili ya mpira iliyotokeza upande wa ndani. Mtu wa nje alitia mikono yake humo, akamshika mtoto bila pumzi yake kumfikia. Tangu Tausi aletwe katika hospitali hiyo, Nyumba ya Pazia, akiwa mchanga, Saumu hakuwahi kumgusa ila kwa mpira huo. Kuingia ndani ilikuwa shughuli. Mwanjaa alikoshwa nje na ndani, ngozi na matumbo, mpaka vijidudu vyake vyote vikabadilishwa, na aliyekoshwa hivyo hatoki mpaka mtoto atoke. Saumu alikuwa fundi wa pampu kwenye ukuta wa bahari, huko ambako zamani kulikuwa na mitaa ya Tanga na sasa ni maji ya magotini. Hata nywele zake zilinuka tope.

Alitia mikono kwenye glavu, akachezesha vidole. Tausi aliachia ziwa, akageuka. Uso wake wote ukachangamka.

"Gavu!" alisema.

Mwanjaa akaangua kicheko. "Ee, glavu imekuja! Mwambie glavu shikamoo, mwanangu."

Kila mtu alicheka, hata mfagizi. Saumu naye alicheka. Halafu mtoto akaegemea kifua cha Mwanjaa, akakipigapiga kwa kiganja na kusema kwa utulivu kabisa, "Mama."

Saumu alichomoa mikono, akasema pampu zinamngoja. Hakuna pampu iliyokuwa ikimngoja. Alisimama chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia kwa hasira. Tusimfunike kwa maneno mazuri. Alikuwa na wivu, wivu mkali, ule unaomfanya mtu atamani mwenzake ateleze mbele za watu. Aliyaonea wivu maziwa na ile harufu ya jasho ambayo Tausi alilala nayo. Hata doa la makamasi kwenye bega la Mwanjaa alilitamani.

*

Jambo hili lilianza na neno moja lililosikiwa vibaya.

Tausi alipokuwa na wiki chache, akikohoa bila kukoma na vidonda kinywani, Daktari Mhina aliwaketisha Saumu, mumewe Mbwana na Bi Kidawa, akawaambia, "Mtoto hana ADA."

Bi Kidawa alisimama. "Hana ada? Mjukuu wangu? Akika tumechinja, nywele tumenyoa, na siku ya kumtoa nje nimemfukiza udi kwa mkono wangu mwenyewe. Ada gani tena, daktari?"

Mbwana alicheka huku machozi yakimtoka. Daktari, aliyekuwa mtu wa Tanga na amezoea bibi za watu, alivuta kiti karibu na kueleza. ADA ni jina la mkato la kimeng'enya. Kila chembe ya mwili, alisema, ina maandishi yake, na herufi za maandishi hayo huundwa, hutumika, zikichakaa huvunjwa. Kundi moja la herufi hizo huitwa purini. Hazivunjwi kwa pigo moja. Vimeng'enya hupokezana, huyu akimaliza anamwachia yule, mpaka kinachosalia kinatoka kwenye mkojo. ADA iko mwanzoni mwa msururu huo na kazi yake unaweza kuidharau. Inachomoa kipande kidogo chenye naitrojeni kutoka kwenye adenosini ili wa pili apate pa kushika.

"Sasa kwa Tausi huyo hayupo," alisema Daktari Mhina. "Taka hazipokelewi, zinajaa. Na zinazolewa sumu kwanza ni chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Zinakufa kwa uchafu wao wenyewe. Ndiyo maana mafua ya mtu mwingine kwake ni kifo."

"Kwa hiyo hana wa kumtolea taka," alisema Bi Kidawa.

"Umepata, bibi."

Walimjaribu kwa sindano za kimeng'enya cha kiwandani, mwili wa Tausi ukakipiga vita. Ikabaki njia ya maziwa. Titi la mwanamke lilifundishwa kutengeneza ADA na kuifunga ndani ya utando wa mafuta, mtoto akanyonya, nayo ikapita tumboni salama mpaka kwenye damu, bila mwili kushtuka. Lazima iwe ziwa kwa kinywa. Maziwa yakikamuliwa, utando unapasuka hewani kabla hujafunika kikombe. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa Saumu. Maziwa yake yalipimwa, yakakataa kubeba ADA. Walirudia, yakakataa tena, kisha yakakauka kabisa. Ndipo akaletwa Mwanjaa kutoka Muheza, mwanamke mchangamfu, anayependa kuongea, aliyetoka kumlikiza binti yake, yaani kumwachisha ziwa. Yake yalikubali mara moja.

Hata hilo la mara moja lilimuuma Saumu.

Neno la Bi Kidawa halikufa. Wauguzi walianza kusema maziwa ya ada, mama wa ada, watoto wa ada. Bi Kidawa mwenyewe aliliendeleza kwa njia yake. Siku ambayo Mwanjaa alimnyonyesha Tausi kwa mara ya kwanza, alimvuta Saumu pembeni.

"Kwetu mtoto akinyonyeshwa na mwingine, mamake humkabidhi kwa kinywa chake. Humwambia mtoto, huyu ni mama yako. Hiyo nayo ni ada, mkwe wangu."

"Mtoto mwenyewe hajui maneno, mama."

"Yeye hajui. Wewe unayajua."

Saumu hakuyasema. Kila Bi Kidawa alipomkumbusha, alipata kisingizio kipya, na mwishowe mama mkwe akaacha kukumbusha, akawa anapika supu tu.

*

Mwaka wa pili ulikuja na habari njema. Uboho wa Tausi ulitolewa, ukatiwa maandishi yaliyokosekana, ukarudishwa. Daktari Mhina alimwita Saumu peke yake, maana Mbwana alikuwa safarini Pangani.

"Chembe mpya zimeshika," alisema. "Zinajitengenezea ADA zenyewe. Lakini bado ni chache, na hapa pana mtego. Mtoto akiendelea kunyonya, chembe mbovu nazo zinaletewa kimeng'enya cha bure. Zinastarehe, zinabana nafasi, na hizi nzima hazina sababu ya kuongezeka. Tukimwachisha ziwa, mbovu zitakufa na nzima zitapata uwanja."

"Basi mwachisheni."

"Tukimwachisha mapema mno, mbovu zitakufa kabla nzima hazijatosha. Atabaki mtupu." Daktari alijikuna kidevu. "Mimi ningengoja masika yapite. Lakini wapo wenzangu ambao wangeanza sasa, na siwezi kusema wamekosea. Tukianza, tutampunguzia kidogo kidogo. Wewe ndiye mama. Uamuzi ni wako."

Wewe ndiye mama. Ilikuwa muda mrefu hajaambiwa maneno hayo na mtu yeyote mle ndani. Yalimwingia mwilini na kumpa joto.

"Kwa nini unataka sasa?" daktari aliuliza, kwa kuwa aliuona uso wake.

"Kwa ajili ya mtoto," alisema Saumu haraka.

Mbwana aliposikia kwa simu alisema wangoje. "Masika si mbali kwisha, mke wangu. Haraka ya nini?"

"Wewe huitwi Glavu," Saumu alimjibu, akakata simu.

Ukimuuliza Saumu saa ile kama alikuwa anahatarisha maisha ya mwanawe, angekuapia kwamba anayaokoa. Na huenda alikuwa anayaokoa, ndiyo ubaya wa jambo lenyewe. Sababu njema ilikuwepo mezani, kila mtu aliiona, naye akaificha ile nyingine chini yake.

Alimwambia daktari waanze, kisha akaenda kwenye pazia kumweleza Mwanjaa. Mwanjaa alisikiliza huku akimkuna Tausi mgongo.

"Kidogo kidogo, amesema daktari?"

"Daktari mwanamume, atajua nini? Kwetu mtoto anaachishwa kwa shubiri. Siku moja tu, kwisha maneno."

Mwanjaa akaacha kukuna. "Shubiri, mwenzangu? Huyu? Hata mwanangu Zamu sikumpaka. Atanichukia."

"Ndiyo kulikiza huko. Asipokuchukia ataachaje?"

"Mm. Haya. Mtoto ni wako. Lete."

Saumu aliileta mwenyewe. Alikata jani la shubiri nyuma ya nyumba yake, akalipitisha kwenye kisanduku cha kusafishia vitu, na kisha akavuta kiti kukaa mbele ya pazia. Hakuwa na sababu ya kukaa, ila alitaka kuona.

Mwanjaa alipaka. Tausi alikuja kwa mwendo wake wa kuyumba, akapanda mapajani kama alivyozoea na kufungua kinywa. Akanyonya mara moja, uso ukajikunja wote. Alitema. Alimtazama Mwanjaa bila kulia, kwa mshangao wa mtu aliyepigwa na ndugu yake, akajaribu tena polepole, akatema tena. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Aliteremka, akakimbia hadi kwenye pazia na kuikumbatia mikono ya mpira kwa nguvu zake zote.

"Gavu! Gavu!"

Saumu alimzungushia mikono hiyo, akamkumbatia. Alisikia, kupitia mpira, mbavu zake ndogo zikipanda na kushuka. Furaha aliyoipata hakuwahi kuipata tangu azaliwe. Juu ya kichwa cha mtoto alimwona Mwanjaa akifunga gauni lake, naye Saumu hakuangalia kando.

*

Furaha hiyo haikudumu. Tausi alikuwa mchangamfu siku za mwanzo, akila uji, akicheza na glavu, naye Saumu alitembea kwenye ukuta wa bahari akiimba. Halafu mtoto akaanza kulala mchana kutwa. Vidonda vilirudi kinywani. Asubuhi moja alikohoa kile kikohozi cha zamani, na Saumu alikitambua hata kabla daktari hajasema neno.

"Taka zimepanda upesi kuliko nilivyotegemea," alisema Daktari Mhina. "Chembe mbovu zinakufa, na nzima hazijatosha. Mlimpunguzia vipi?"

Saumu hakujibu. Mwanjaa, ndani ya pazia, naye alinyamaza. Angeweza kusema.

"Basi, tumrudishe ziwani," alisema daktari. "Chembe nzima hazipotei kwa hilo, zitangoja. Anyonye leo, na asubuhi sumu itakuwa imeanza kushuka. Maziwa bado yapo?"

"Yapo," alisema Mwanjaa. "Yananiuma usiku na mchana."

Alimpakata mtoto na kufungua gauni. Tausi alikuwa moto, macho nusu. Ziwa lilipomgusa mdomo aliamka, akalitambua, akafunga kinywa. Mwanjaa alikwishakoga mara nyingi mno tangu siku ile, hakuna uchungu wowote uliobaki. Alijipaka asali, akamwimbia. Mtoto aligeuza uso upande wa pili, meno yameumana, akaanza kulia kilio kisicho na sauti.

"Mama mbaya," alisema.

Daktari alimgeukia Saumu. "Kwa nini anaogopa ziwa?"

"Nilimpakia shubiri," alisema Saumu. "Si yeye, ni mimi. Mimi niliileta, mimi nilimwamuru. Sikutaka aache maziwa tu. Nilitaka amchukie."

Bi Kidawa, aliyekuwa amesimama mlangoni na chungu chake cha supu, alikitua chini taratibu.

"Nilijua," alisema Mwanjaa kutoka ndani. "Mimi si mjinga, mwenzangu. Nilipaka nikijua."

"Kwa nini hukukataa?"

"Ningekataa kwa haki ipi? Ungeniuliza, huyu mwanao?" Mwanjaa alifuta pua kwa mkono. "Wewe siku moja utamchukua uende naye nyumbani, umkoshe mwenyewe, umsuke. Mimi nitarudi Muheza na maziwa yangu. Unadhani peke yako unaumwa? Zamu wangu huja Ijumaa, anasimama hapo ulipo wewe, ananishika kwa mpira huo huo. Nilipoona umekaa kunitazama, nikasema, haya, tuumie wote. Na mimi nina ubaya wangu."

Miezi yote hiyo Saumu aliingiza mikono katika glavu zile, na hakuwahi kujiuliza ni nani mwingine anayeingiza yake humo.

"Anamwogopa Mwanjaa," alisema daktari, "na mimi siwezi kumlazimisha, atapaliwa. Kuna mtu yeyote anayemwamini?"

Wote walijua ni nani. Saumu alisogea kwenye pazia na kutia mikono. Vidole vya mpira vilipomgusa shavuni, Tausi alifungua macho.

"Gavu," alinong'ona.

"Ee, mwanangu. Glavu."

Alinyoosha mkono mwingine mpaka kifuani kwa Mwanjaa. Hakuwahi kumgusa mwanamke huyo. Joto lake lilipenya mpira, na Saumu akahisi tena lile jambo likimpanda kooni, bichi kama siku ya kwanza. Alilimeza. Akakinga tone la maziwa kwenye ncha ya kidole, akalipeleka taratibu kwenye mdomo wa mtoto na kulipaka. Tausi alikunja uso kabla hata ya kuonja. Kisha ulimi ukatoka.

"Tamu?" aliuliza Saumu. "Si chungu tena. Glavu ndiye aliyetia uchungu. Siye yeye."

Mtoto alimtazama. Akarudisha macho kwa Mwanjaa, akayarudisha kwa glavu. Hakusogea.

Saumu alijua sasa anangojwa kusema nini. Bi Kidawa mlangoni alijua pia, na kwa mara ya kwanza tangu Saumu aolewe na mwanawe, alinyamaza kabisa. Maneno yalikuwa mawili matatu tu. Alitamani daktari ayaseme, au Mbwana, au mtu mwingine yeyote wa Tanga nzima. Alikilaza kidole cha mpira kwenye bega la Mwanjaa.

"Huyu ni mama yako," alisema. "Nenda kwa mama."

Tausi alifikiri. Alikishika kidole gumba cha glavu kwa ngumi yake, akakivuta pamoja naye, asikiachie, kama mtu anayechukua shahidi. Hivyo hivyo, akiwa amekishika, akageuza uso na kufungua kinywa.

Alinyonya mara moja, akasimama, akangoja uchungu. Uchungu haukuja. Akanyonya tena, na safari hii wote walimsikia akimeza.

Mwanjaa alifumba macho, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Daktari alitoka bila kuaga. Saumu alibaki ameinama, mgongo ukimuuma, mkono wake ndani ya mpira na ngumi ya mtoto juu yake, akisikiliza kila funda likishuka. Kila moja lilimchoma. Asingekudanganya akwambie wivu ulimtoka. Ulikuwepo, umekaa mahali pake. Lakini mkono hakuutoa.

"Mama Tausi!" aliita mfagizi kutoka jikoni, asiyejua lolote. "Mama Tausi, supu hii ipelekwe wapi?"

Mwanjaa alifumbua macho, akamtazama Saumu, akanyamaza kumwachia nafasi.

"Itika wewe," alisema Saumu. "Mimi nimeshikwa mkono."